Alama za mwalimu wa Rhonda: kwa nini tathmini za kazi hupotoka

Kila mwaka mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, unapokamilika, baadhi ya walimu wa sekondari kutoka Nakuru hufunga mizigo na kwenda kusahihisha mitihani chini ya Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Kule hakuna anayeaminiwa kwa sababu tu ya umri wake kazini. Mtahini aliyefundisha Kiswahili miaka ishirini huketi kwanza na wenzake, wote wakasahihisha nakala za hati zile zile, kisha kila mmoja akataja alama yake mbele ya kiongozi wa kikundi. Aliyetoa 14 mahali ambapo wenzake wametoa 9 huulizwa ameona nini. Insha ya alama 20 imegawanywa katika viwango vinne: D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20, na kila kiwango kina maelezo ya insha inayostahili kuingia humo. Hata kazi ikishashika kasi, kiongozi wa kikundi huendelea kuchomoa baadhi ya hati zilizokwisha kusahihishwa na kuzipitia upya, ili aliyeanza kulegea au kubana agunduliwe mapema.

Mwalimu huyo akirudi Rhonda, mtaa ulio kati ya Kaptembwo na ua wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, hukuta zamu yake ya kupewa alama imefika. Fomu ipo, vigezo vipo, mpimaji yupo. Kinachokosekana ni ule utaratibu wote aliouacha kituoni. Mkuu wa idara anayempima hajawahi kuketi na wakuu wa idara wa shule jirani kuulizana 80 yao ina maana gani. Hakuna mtu anayechomoa fomu mbili tatu na kuzipima upya. Insha ya kurasa mbili ya mtahiniwa asiyejulikana inakingwa dhidi ya makosa ya mpimaji kuliko kazi ya mwaka mzima ya mtu mzima mwenye mshahara na familia.

Ujuzi wa kunyoosha alama, basi, haujapungua nchini. Umo katika vichwa vya watu wale wale wanaolalamika kila muhula kwamba wamepimwa vibaya.

Mfumo unaowapima unaitwa TPAD. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliueneza kote nchini mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya kutoa kanuni mpya za walimu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na ripoti ya siri: mkubwa aliandika, akafunga bahasha, na mwalimu angeweza kustaafu bila kujua alichoandikiwa. TPAD iliifungua bahasha hiyo. Mwalimu hujipima kwanza, mpimaji naye akatoa alama zake, wawili wakaketi kuafikiana, kisha mkuu wa shule akaidhinisha. Katika shule ya msingi mpimaji kwa kawaida ni naibu wa mwalimu mkuu au mwalimu mwandamizi. Katika sekondari ni mkuu wa idara. Mpimaji hutakiwa pia aingie darasani na kutazama somo likifundishwa. Fomu ya kwanza ilikuwa na vigezo saba, kuanzia ujuzi wa somo na usimamizi wa muda hadi usalama wa wanafunzi na ushirikiano na wazazi. Toleo la pili, lililoanza 2020, likavipunguza.

Chama cha walimu KNUT, wakati huo kikiongozwa na katibu mkuu Wilson Sossion, kiliupinga mfumo kwa nguvu kikisema unakula muda wa kufundisha. Mvutano wake na TSC kuhusu TPAD, miongozo ya kupanda vyeo na uhamisho wa walimu ulifika mahakamani, na Julai 2019 Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi akatoa hukumu. Kelele zote hizo zilihusu zaidi mamlaka na makaratasi. Swali la kama alama zenyewe zinasema kweli lilipita pembeni.

Na kuna sababu za kuuliza. Tazama wiki ya mwisho ya muhula. Mitihani inasahihishwa, ripoti za wanafunzi zinaandikwa, na mkuu wa idara ana walimu saba wa kupima kabla ya makataa. Somo la Februari alilolitazama amelisahau. Daftari la siku hiyo, ikiwa aliandika lolote, limefunikwa na rundo la karatasi za mtihani. Anachokumbuka ni Ijumaa iliyopita, mwalimu mmoja alipochelewa kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu barabara na matatu zikagoma kuingia mtaani, na mwingine alipobaki hadi saa kumi na mbili jioni akisaidia kupanga karatasi. Alama za miezi mitatu zinatolewa kwa ushahidi wa siku tano.

Kosa hilo la kumbukumbu ni jepesi kulielewa. Lililo gumu zaidi ni lile lililoelezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike mwaka 1920. Thorndike alichambua alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa wanajeshi waliokuwa chini yao kwa mambo tofauti: umbo, akili, uongozi, tabia. Alama zikaja zimeshikana kupita kiasi. Askari aliyepata ya juu kwa umbo alipata ya juu kwa akili pia, ingawa hakuna sababu ya mabega mapana na akili kuandamana kwa karibu hivyo. Maofisa walidhani wanapima mambo manne. Walipima moja, yaani picha ya jumla waliyokuwa nayo kuhusu askari yule, wakaiandika mara nne.

Katika shule ya Rhonda mng'ao huo, yaani sifa moja kuangaza nyingine zote, una sura zake. Mwalimu aliyeifikisha shule kwenye tamasha za kitaifa za muziki au drama huwa na mwaka mzuri katika fomu nzima. Maandalio yake ya somo huonekana mazuri, usimamizi wake wa muda huonekana mzuri, hata kama vipindi vyake vya alasiri vilipita bila mwalimu kwa kuwa alikuwa uwanjani na kwaya. Mng'ao hugeuka pia. Mwalimu aliyewahi kubishana na naibu kuhusu zamu huenda akafundisha hisabati kuliko wote shuleni, lakini kivuli cha ule ubishi kitamfuata hadi kwenye kigezo cha ushirikiano na wazazi, ambao naibu hajamwona akizungumza nao hata siku moja.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa. Mwaka 2000 watafiti Steven Scullen, Michael Mount na Maynard Goff walichapisha uchambuzi wa alama za mameneja 4,492, kila mmoja akiwa amepimwa na wakubwa wake, wenzake na walio chini yake. Zaidi ya nusu ya tofauti kati ya alama ilitokana na mpimaji mwenyewe: ukali wake, ukarimu wake, mambo anayoyathamini. Utendaji wa aliyepimwa ulieleza sehemu ndogo kuliko hiyo. Anayetaka kukisia alama ya mfanyakazi angefanya vyema kuuliza kwanza nani kampima.

Mjini Nakuru swali hilo la nani kampima nani lina uzito ambao vitabu vya Marekani havina. Rhonda ni mtaa wa wapangaji waliotoka kila upande wa nchi. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru, mitaa ya upande huo iliumia sana, majirani wakatengana. Ofisini watu hawalizungumzi. Lakini anayepewa alama ya chini na mkubwa wa kabila lingine hujiuliza, na anayepewa ya juu na mtu wa kwao hunong'onwa. Kumpendelea mtu anayefanana nawe ni kosa linalojulikana popote duniani. Hapa linakuja na historia mgongoni, na hata pale ambapo halijatendeka, shaka yake pekee inatosha kuifanya alama isiaminike.

Ndipo wengine husema: mwondoe mpimaji, hesabu tu. Hesabu vipindi vilivyofundishwa, katoni zilizopakiwa, mashada ya maua yaliyofungwa. Namba haina kabila.

Mwanauchumi Jonas Hjort alichapisha mwaka 2014 utafiti unaolijibu wazo hilo, na aliufanyia katika kiwanda cha kufungasha maua hapa hapa Kenya. Wafanyakazi walipangwa watatu watatu: mmoja akigawa waridi, wawili wakizipanga na kuzifunga. Kila mfungaji alilipwa kwa maua aliyofunga yeye, na mgawaji alilipwa kwa jumla ya yote yaliyofungwa na wawili hao. Mgawaji hakuwa na faida yoyote ya kumnyima mtu maua, maana alijipunguzia mwenyewe. Hata hivyo, Mkikuyu alipowagawia Waluo, au Mluo alipowagawia Wakikuyu, mazao yalishuka. Na palipokuwa na mfungaji wa kabila lake na mfungaji wa kabila lingine, maua yaliegemea upande wa nyumbani. Baada ya machafuko ya mwanzoni mwa 2008 pengo likapanuka. Kisha kampuni ikabadilisha malipo, wafungaji wawili wakaanza kulipwa kwa jumla ya kazi yao, na ule upendeleo kati yao ukaisha nguvu.

Msimamizi ambaye angeangalia daftari la hesabu peke yake angesema mfungaji fulani ni mzembe. Kumbe maua hayakumfikia. Namba ilikuwa sahihi hadi shina la mwisho, na hukumu ambayo ingetokana nayo ingekuwa ya uongo. Ndivyo ilivyo kwa wastani wa darasa pia. Mwalimu anayefundisha darasa lililojaa pomoni, ambamo mtoto mmoja kati ya kadhaa amekuja bila kunywa chai, hawezi kuwekwa katika orodha moja na mwenzake wa shule ya kitaifa iliyochagua wanafunzi wake, halafu orodha hiyo ikaitwa kipimo cha ualimu.

Kwa hiyo mpimaji haondoki. Inabaki kumsaidia apime vizuri, na hapa ofisi nyingi hukimbilia semina. Wafanyakazi hukusanywa hotelini, wakaonyeshwa orodha ya makosa: usiwe mkarimu kupita kiasi, usiwarundike wote katikati, usiache sifa moja ifunike nyingine. Inaonekana jambo la busara. Mwaka 1980 John Bernardin na Earl Pence walijaribu mafunzo ya aina hiyo na kupata matokeo ya ajabu: waliofundishwa kuepuka makosa walitoa alama zilizotawanyika vizuri zaidi, zenye sura ya haki, lakini zilizokuwa mbali zaidi na ukweli. Walikuwa wamejifunza kutawanya namba tu. Mtu anayeambiwa "usiwape wote 80" atawapa wengine 65, hata kama wote walistahili 80.

Mafunzo yaliyofaulu ni ya namna nyingine. Wapimaji wanatazama kazi ile ile, kila mmoja anatoa alama peke yake, wanafunua, wanabishana, na mtu mwenye uzoefu anawaeleza kiwango kilichotarajiwa kinafananaje. David Woehr na Allen Huffcutt walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 1994, mbinu hii ndiyo iliyoongoza kwa kuongeza usahihi. Msomaji aliyewahi kuketi kwenye kituo cha kusahihishia amekwisha kuitambua. KNEC wanaifanya kila mwaka bila kuipa jina la kitaalamu.

Kuileta katika ukumbi wa walimu hakuhitaji mfadhili. Mwalimu mmoja aliyejitolea arekodiwe kwa simu akifundisha dakika arobaini. Naibu na wakuu wa idara watazame, kila mmoja aandike alama kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya jirani, kisha karatasi zigeuzwe. Ubishi utakaofuata ndio mafunzo yenyewe. Mmoja atakuwa amemkata alama kwa sababu darasa lilikuwa na kelele. Mwingine atakuwa amemwongeza kwa kelele hiyo hiyo, kwa kuwa watoto walikuwa wakijadiliana kuhusu swali. Wasipoafikiana siku hiyo, watapima tofauti mwaka mzima na kila mmoja atadhani ndiye mwenye haki.

Ubishi wa namna hiyo huhitaji maneno yanayoonekana kwa macho. Mwaka 1963 Patricia Smith na Lorne Kendall, wakifanya kazi na wauguzi, walipendekeza kila ngazi ya alama ielezwe kwa tendo linaloweza kushuhudiwa, na tendo hilo litajwe na watu wa kazi yenyewe. Chukua kigezo cha usimamizi wa muda. Fomu ikisema "anasimamia muda vizuri sana", "vizuri", "wastani", kila mpimaji ataleta saa yake. Lakini walimu wenyewe wanaweza kuketi na kuandika: wa juu huwa darasani kengele inapolia, husahihisha daftari za zoezi kabla ya kipindi kinachofuata, na akiwa na ruhusa huacha kazi kwa mwenzake wa kumshikia darasa. Wa katikati huingia dakika chache baada ya kengele na husahihisha kabla ya wiki kuisha. Wa chini hupatikana ukumbini wakati wa kipindi, na kiranja wa darasa ndiye anayekwenda kumwita. Kila mwalimu aliyewahi kufanya kazi shuleni anawajua hawa watatu. Naibu naye hana tena nafasi ya kupima sura.

Tatizo la kumbukumbu lina dawa ya bei nafuu zaidi: mistari miwili kila Ijumaa kwa kila mwalimu anayepimwa, yenye tarehe na tukio, zuri au baya. Hilo ni daftari la mpimaji, lisiishie kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Mwalimu mwenyewe naye aweke la kwake. Wawili wakiketi kuafikiana mwisho wa muhula, mazungumzo yatakuwa ya tarehe, na ugomvi wa "wewe hunipendi" utakosa pa kushika.

Mfano wa Kenya wa kutazama masomo kwa utaratibu upo. Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioanza 2015 kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, uliwapa maofisa wa elimu wa maeneo tabuleti zenye programu ya Tangerine. Ofisa aliyeingia darasani alijibu maswali mahususi kuhusu alichokiona: je, mwalimu alisoma kwanza watoto wakisikiliza, je, watoto walikuwa na vitabu mikononi. Kisha alichagua watoto watatu bila kupanga akawataka wasome, na tabuleti ikaonyesha kwamba kweli alifika shuleni. Maoni ya ofisa kuhusu somo yalikuwa yamekaa kando ya kitu kingine, usomaji wa watoto wenyewe. Na jambo ambalo husahaulika: ziara hizo zilikuwa za kumshauri mwalimu. Hazikuwa za kumpandisha wala kumshusha cheo.

Hapo ndipo TPAD inapokwama, na hakuna semina itakayoikwamua. Tathmini ile ile inatakiwa imwambie mwalimu udhaifu wake ili ajifunze, na pia iwe sehemu ya faili lake anapoomba kupanda cheo. Mwalimu anayejipima kwa uaminifu na kuandika kwamba hajui kutumia vifaa vya kidijitali darasani amejidhuru. Mkuu wa idara anayeuandika ukweli huo amemdhuru mtu ambaye kesho atahitaji msaada wake, anayepanda naye matatu moja, anayekaa naye kwenye chama cha Jumapili. Wote wawili wana akili timamu. Wanaandika alama ya juu na kuendelea na maisha.

Clinton Longenecker na wenzake wawili walisikia habari hiyo hiyo Marekani mwaka 1987 walipowahoji wakuu 60 wa kampuni. Wakuu hao walikiri waziwazi kwamba hupandisha alama ili kuepuka ugomvi, kulinda nyongeza ya mshahara, au hata kumwondoa mtu katika idara yao kwa kumpandisha cheo. Na huishusha ili kumshtua mtu au kutayarisha njia ya kumfukuza. Walijua alama sahihi. Hawakuiandika. Sehemu kubwa ya kinachoitwa kosa la mpimaji ni uamuzi wa mpimaji, na uamuzi hubadilishwa kwa kubadilisha kinachomngoja anayeuchukua.

Serikali yenyewe imeonja hili ngazi za juu. Kenya ilipoanza kandarasi za utendaji mwaka 2004 kwa mashirika 16 ya umma, halafu ikazieneza serikalini, lawama iliyozaliwa mapema ni kwamba taasisi hujiwekea malengo mepesi ili zitoke na alama nzuri. Tanzania iliingia njia hiyo mwaka huo huo wa 2004 kwa mfumo wa OPRAS, ukiondoa taarifa za siri na kumtaka mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo, kabla ya kuhamia mfumo wa kidijitali wa PEPMIS miaka ya karibuni. Bahasha imekuwa fomu, fomu imekuwa skrini. Anayebonyeza ni yule yule, na anayoyaogopa ni yale yale.

Ipo njia ya mabavu: kuweka mgawo, kwamba asilimia fulani lazima wawe juu na fulani lazima wawe chini. Jack Welch aliitangaza sana alipokuwa General Electric, akitaka asilimia 10 za mwisho zitambuliwe kila mwaka. Microsoft iliitumia kisha ikaiacha mwaka 2013, wafanyakazi wakiwa wamelalamika kwamba walishindana wao kwa wao. Kwa shule ya walimu kumi na wawili ingekuwa upuuzi mtupu. Huenda wote ni wazuri, huenda wanne ni wabovu, na mgawo hauna habari na lolote kati ya hayo.

Lililo bora ni kutenganisha. Ziara za darasani na mazungumzo ya katikati ya muhula yawe ya kujifunza, na karatasi zake zibaki kwa mwalimu na mpimaji wake. Alama ya kupandia cheo itolewe mara moja kwa mwaka, na watu wawili au zaidi ambao hawakuketi pamoja kuipanga, mmoja wao akitoka shule nyingine ya eneo hilo. Shule za Rhonda, Kaptembwo na Mwariki zinatembeleka kwa miguu au kwa boda, na walimu wakuu wa eneo hukutana hata sasa kupanga mitihani ya pamoja. Ofisi ya TSC ya kaunti ndogo nayo ingeweza kuchomoa fomu chache kutoka kila shule na kuuliza maswali machache tu: tarehe ziko wapi, somo lilitazamwa lini, kwa nini walimu wote kumi na wawili wamepata 82?

Hata hayo yakifanywa yote, alama itabaki na ukungu. Mwalimu wa 78 na mwalimu wa 81 hawatofautiani kwa namna ambayo mpimaji yeyote duniani angeweza kuapa. Kuamua nani apandishwe cheo kwa pengo la alama tatu ni kujifanya kuona kisichoonekana. Ngazi nne pana, kama zile za insha, zingetosha kwa kazi nyingi, na palipo na wengi katika ngazi moja vigezo vingine kama muda wa utumishi vitumike hadharani.

Hayo ni ya walimu wa serikali. Katika mtaa kama Rhonda kuna shule nyingi ndogo za binafsi, na pia maduka, gereji na karakana, ambako mwenye mali ndiye mwajiri, mpimaji na mlipaji, na tathmini ni neno linalotolewa kwa mdomo siku mtu anapofukuzwa. Sheria haiwaachi huru hata hivyo. Sheria ya Uajiri ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwapo, na amsikilize. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu, na cha 45 kinaharamisha kuachishwa kusiko haki. Mahakama ya Uajiri ina kituo chake Nakuru, na swali ambalo majaji wa mahakama hiyo huuliza katika kesi za utendaji duni ni hili: mlimpimaje?

Hapo ukarimu wa alama hugeuka ushahidi. Fomu tatu mfululizo zilizoandikwa "vizuri sana", zikifuatwa na barua ya kuachishwa kwa uzembe, zinamtetea mfanyakazi kuliko wakili. Mwenye shule asiye na naibu wala mkuu wa idara anaweza kumwomba mwenzake wa shule ya jirani aje kutazama vipindi viwili kwa muhula na kuandika alichokiona bila kuonyeshwa alama alizotoa yeye. Malipo ni kwenda upande wa pili kumfanyia vivyo hivyo.